Njia ya Gari ya Matofali Nyumbani: Kazi Iko Chini, Si Juu

Wanachama wenzangu,

Kila msimu wa karafuu unapokwisha na fedha zikishapokewa, maswali yanayoletwa katika ofisi ya chama hubadilika. Wakati wa kuchuma watu huuliza habari za majamvi, magunia na ngazi. Baada ya kuuza huuliza habari za mabati, saruji na milango. Siku hizi limezidi swali moja: mtu akitaka kutandika matofali ya pevingi kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, ili gari lipite masika na kiangazi, afanyeje? Na atajuaje kuwa fundi amemfanyia kazi ya haki?

Swali hili si la fahari tu. Wengi wetu tunaweka karafuu kavu nyumbani mpaka siku ya kuzipeleka kituoni. Gari likikwama kwenye tope, magunia hubebwa mabegani katika mvua, na karafuu iliyokwisha kukauka ikirowa huota ukungu na kushuka daraja. Njia nzuri ya gari ina faida yake. Lakini fedha ya karafuu si mshahara wa kila mwezi. Huja kwa msimu, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Fedha ya mwaka wa neema ikifukiwa katika kazi mbovu, huenda ikapita miaka kabla ya kupatikana nyingine ya kuitengeneza.

Kwa hivyo nataka msomaji ashike jambo moja kabla ya mengine yote. Wazee wetu walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Njia ya matofali ni vivyo hivyo. Kinachoonekana juu, yaani rangi na mapambo, ni sehemu ndogo ya kazi. Nguvu yake iko katika vitu vitatu visivyoonekana baada ya kazi kwisha: njia ya maji, kifusi kilichoshindiliwa chini, na ukingo ulioshika pembeni. Fundi mwenye haraka hupunguza vitu hivyo vitatu, kwa sababu anajua kuwa vitafunikwa.

JINSI MATOFALI YANAVYOBEBA GARI

Sakafu ya zege ni kipande kimoja kigumu. Ardhi ikititia chini yake, hupasuka. Matofali ya pevingi hayashikanishwi kwa saruji. Yamelala juu ya mchanga, na kati yao mna nafasi nyembamba iliyojazwa mchanga mwembamba. Gurudumu linapokanyaga tofali moja, mchanga ule hulikamata na kulisukumia uzito tofali la jirani, na hilo jirani yake, mpaka uzito ukatawanyika. Kila moja ni dogo, lakini yote pamoja hubeba gari zima.

Hapo ndipo tunapofahamu makosa mawili yanayofanywa sana. La kwanza ni kumimina uji wa saruji katikati ya matofali ati yasiondoke. Saruji ile hupasuka gari linapopita, vipande hutoka, na maji huingia chini. La pili ni kuyaacha matofali ya pembeni bila ukingo. Yakisogea ya pembeni, nafasi zote hufunguka, na hakuna tena tofali linalomsaidia jirani yake.

Waholanzi wana barabara za matofali ya udongo wa kuchomwa tangu zamani, na baada ya Vita Kuu ya Pili vilivyokwisha mwaka 1945 walianza kutumia sana ya saruji mahali pake. Nchi yao sehemu nyingi ni ya udongo laini unaotitia, na walipenda njia ambayo ikibonyea huweza kufunuliwa, ikatengenezwa chini, kisha matofali yale yale yakarudishwa. Faida hiyo ni yetu pia. Bomba la maji likipasuka chini ya zege, zege huvunjwa na kutupwa. Likipasuka chini ya matofali, hufunuliwa mahali pale tu na kufunikwa tena.

MAJI KWANZA, GARI BAADAYE

Kabla ya kuchimba, mwenye nyumba asimame uwanjani siku ya mvua na atazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Uwanja wa udongo hunywa sehemu ya mvua. Uwanja wa matofali yaliyobana hunywa kidogo sana, na yaliyobaki hutiririka.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Tuchukue njia yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 3, yaani mita za mraba 36. Mvua ya masika ya milimita 50 italeta lita 1,800. Hizo ni ndoo 90 za lita 20, na maji ya paa bado hayajahesabiwa. Maji hayo yatakwenda mahali. Ikiwa wewe hukuyachagulia mahali, yatachagua yenyewe, na aghalabu yatachagua ukuta wako au uwanja wa jirani.

Kanuni ni hizi. Njia iteremke kwa upande mmoja, sentimita 2 na nusu kwa kila mita 1 ya upana. Kwa njia ya mita 3, upande mmoja utakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 7 na nusu. Mteremko huo uelekee mbali na nyumba. Uso wa matofali uwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 au zaidi, ili maji ya mvua yanayoruka yasirowanishe ukuta. Upande wa chini pawe na mfereji unaopeleka maji kwenye migomba, au kwenye shimo lililojazwa mawe ambamo maji yatanywewa na ardhi. Yasielekezwe kisimani, kwa sababu maji ya njia ya gari yana mafuta na uchafu.

Wala yasielekezwe kwa jirani. Dini yetu imetukataza kumdhuru jirani, na sheria ya nchi haimpi mtu ruhusa ya kukausha kwake kwa kufurikisha kwa mwenzake. Ikiwa maji hayana njia ila kupitia kwake, nenda kwake kabla ya kuanza kazi, mzungumze, mkubaliane mfereji upite wapi. Mazungumzo ya kabla huchukua jioni moja. Ugomvi wa baada huweza kurithiwa na watoto.

KUCHIMBA NA KUUJUA UDONGO

Njia ambayo gari la mizigo litapita inataka tabaka tatu juu ya ardhi: kifusi sentimita 15, mchanga wa kulalia sentimita 4, na tofali sentimita 8. Jumla ni sentimita 27. Hicho ndicho kina cha kuchimba kutoka pale uso wa matofali utakapokuwa. Fundi anayekwaruza nyasi kwa jembe kisha akamwaga mchanga hajajenga njia, ametandika mkeka.

Si kila udongo wa visiwa vyetu ni sawa. Mahali penye kichanga maji hupita upesi, na sentimita 15 za kifusi zinatosha. Sehemu za maweni, jiwe liko karibu na kazi kubwa ni kusawazisha mashimo. Penye taabu ni penye dongo, ule udongo mzito wa mabondeni unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huko kifusi kiongezwe mpaka sentimita 20 au 25, na kabla yake udongo laini wote uondolewe. Ukikanyaga kwa kisigino na ukabonyea kama unga uliokandwa, chimba zaidi.

Udongo wa juu wenye rutuba usitupwe wala usiachwe chini ya njia. Una mizizi na majani yanayooza, na vikishaoza ardhi hubonyea. Upeleke kwenye vitalu vya miche. Huko ndiko una thamani.

Na hapa neno kwa mwenye mikarafuu karibu na nyumba. Mizizi mingi ya mkarafuu inayotafuta chakula haiko mbali na uso wa ardhi, nayo hutambaa hadi chini ya matawi yote. Ukichimba sentimita 27 chini ya kivuli cha mti unakata midomo yake. Mti hautakufa siku ile; utaanza kukauka matawi ya juu, na mwenyewe atasema ni ugonjwa. Mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa karafuu ya maana. Ipindishe njia, usiupindishe mti. Tena tunajua sote kuwa kuukata mkarafuu bila kibali hairuhusiwi.

Kabla ya kufukia, laza kwanza mabomba ya maji na waya za umeme utakazozihitaji, kila kimoja ndani ya bomba lake. Hata kama huna haja leo, kulaza bomba tupu moja kutoka upande huu hadi huu ni gharama ndogo.

KIFUSI NDIO MSINGI

Kifusi kizuri ni cha mawe magumu yaliyovunjwa, yenye mchanganyiko wa makubwa kiasi cha sentimita 4, ya kati, madogo na vumbi lake. Vipande vidogo hujaza nafasi za vikubwa na kila kitu kikakamatana. Mawe ya ukubwa mmoja hayashikani. Kifusi chenye udongo mwingi mwekundu kikilowa hugeuka tope.

Kisimwagwe chote kwa mara moja. Mwaga kiasi cha sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa mashine mpaka kisibonyee, kisha mwaga tabaka la pili. Mashine ya kushindilia hukodiwa. Kipande cha mti cha kupigia kwa mkono hakitoshi kwa njia ya gari. Na mteremko uanzie hapa, katika kifusi. Fundi atakayekwambia kuwa mteremko atautengeneza kwa mchanga anakupa mchanga mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ule mnene utabonyea.

Jaribio lake ni hili. Kifusi kikiwa tayari, gari lenye mzigo lipite juu yake polepole. Gurudumu likiacha mfereji, kazi haijakwisha. Lisipoacha alama, ruhusu kuendelea. Mwenye nyumba asikose kuwapo siku hiyo hata kama siku nyingine zote hayupo.

Kupima mteremko si lazima uwe fundi. Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita 2. Chini ya ncha yake ya upande wa bondeni weka kipande cha mti chenye unene wa sentimita 5, kisha weka pimamaji juu ya ubao. Pimamaji ikionyesha kuwa ubao uko sawa, mteremko wako ni sentimita 2 na nusu kwa mita, kama inavyotakiwa.

UKINGO, MCHANGA NA KUPANGA

Ukingo hujengwa kabla ya matofali ya katikati. Mawe ya ukingo hukalishwa ndani ya zege bichi, na zege hilo hupandishwa nyuma yake mpaka nusu ya kimo chake au zaidi, ili gurudumu likisukuma kutoka ndani, jiwe lisiegemee nje. Zege la fungu 1 la saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto linatosha. Liachwe likauke siku kadhaa, likimwagiwa maji, kabla ya mashine kupita karibu nalo. Kwenye lango pia pawe na ukingo, maana hapo magari hupiga breki na kukata kona.

Mchanga wa kulalia uwe wa chembe kubwa na ulio safi. Usugue katika kiganja. Ukiacha matope mkononi haufai. Husambazwa na kusawazishwa kwa ubao unaopitishwa juu ya bomba mbili zilizolazwa, unene uwe mmoja kila mahali, nao haushindiliwi wala kukanyagwa kabla ya matofali kuwekwa. Mchanga huu si wa kuzibia mashimo ya kifusi. Shimo la kifusi huzibwa kwa kifusi.

Mchanga wenyewe ununuliwe palipo halali. Sote tumeona mashimo yaliyoachwa katika mashamba baada ya mchanga kuchukuliwa, mahali ambapo hapapandiki tena muhogo wala mgomba. Kuchimba mchanga bila kibali ni kosa, na kuuchukua ufukweni kunailetea bahari nyumba zetu. Mwenye kujenga njia kwa kulibomoa shamba la mwenzake hajajenga kitu.

Sasa matofali. Mpangilio wenye nguvu zaidi kwa magari ni ule wa kupishana unaofanana na msuko wa ukili: moja limelala, jingine limesimama mbele yake, na hakuna mstari mmoja mrefu ulio wazi unaokwenda moja kwa moja. Mama zetu wanaosuka majamvi wanaujua vizuri. Jamvi halichaniki kwa sababu kila kindu kimefungwa na mwenzake. Mpangilio wa mistari iliyonyooka unafaa njia ya miguu, lakini gurudumu linalokata kona huisogeza.

Baina ya tofali na tofali iwepo nafasi ya milimita 2 mpaka 5. Yakibanwa kabisa yanavunjana kingo. Yakiachiwa sana hayakamatani. Vipande vya pembeni vikatwe kwa mashine, na kipande kidogo kuliko robo ya tofali kisitumiwe mahali gurudumu linapopita, maana kitatoka.

Yakisha kupangwa, mashine ya kushindilia hupita juu yake. Kisha humwagwa mchanga mwembamba uliokauka kabisa, ukafagiliwa uingie katika nafasi, mashine ikapita tena, na mchanga ukaongezwa mpaka nafasi zote zimejaa. Mchanga uliolowa hauingii. Hukaa juu tu na kuonekana kama umejaa. Mvua ya kwanza huonyesha ukweli.

KUNUNUA MATOFALI

Kwa njia ya miguu, baiskeli na gari dogo la nyumbani, tofali la unene wa sentimita 6 linatosha. Ikiwa gari la kubebea magunia au tipa litaingia, nunua la sentimita 8. Usikubali kuambiwa kuwa yote ni sawa.

Muulize mwuzaji yalifyatuliwa siku gani. Tofali la saruji linataka kumwagiwa maji siku 7 za mwanzo kwa uchache, na huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28. La wiki moja huonekana kavu lakini halijakomaa. Yachunguze hivi: chukua matano kutoka chungu mbalimbali, si yale matano uliyopewa mkononi. Yaweke bega kwa bega uone kama kimo ni kimoja. Gonga mawili, yanayolia kwa sauti kali ni afadhali kuliko yanayotoa mlio mzito kama wa mbao. Kwaruza pembe kwa msumari. Ikimomonyoka kama sukari, rudi nyumbani. Kisha omba ruhusa uvunje moja. Ndani kuwe na rangi moja, bila matundu wala mabonge ya mchanga mkavu.

HESABU YA VIPIMO

Bei siandiki, kwa sababu hubadilika. Vipimo havibadiliki, na mwenye vipimo hadanganyiki kwa bei. Tuchukue ile njia yetu ya mita 12 kwa 3.

Tofali la urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Mita 36 zinataka 1,800. Ongeza 5 katika kila 100 kwa yatakayovunjika na kukatwa, yaani 90, jumla 1,890. Kwa unene wa sentimita 8, mzigo huo unakaribia tani 7, basi uliza gari la muuzaji linabeba kiasi gani kwa safari moja. Kifusi kilichoshindiliwa ni mita za ujazo 5 na sehemu 4 za kumi. Kwa kuwa hupungua kikishindiliwa, agiza karibu mita 7. Mchanga wa kulalia ni mita 1 na nusu, na zaidi kidogo kwa ajili ya nafasi. Ukingo wa pande mbili ni mita 24, na wa langoni mita 3.

Mwenye maumbo mengine ya matofali amuulize muuzaji ni mangapi kwa mita, kisha azidishe mwenyewe. Na kila mmoja aigeuze jumla ya gharama kuwa kilo za karafuu kavu kwa bei aliyouzia. Hapo ndipo atajua kwa hakika kama anataka njia ya mita 3 au inamtosha nyembamba.

ASIYEWEZA NJIA NZIMA

Si kila mtu ana haja ya kufunika uwanja wote. Ziko njia za mistari miwili: kila gurudumu na njia yake ya upana wa sentimita 60, na katikati huachwa nyasi. Kwa urefu ule ule wa mita 12, eneo ni mita za mraba 14 na sehemu 4 za kumi, na matofali ni 720 tu badala ya 1,800. Katikati hunywa maji ya mvua, na mafuriko hupungua. Ila kila mstari unataka ukingo pande zake zote mbili, basi ukingo utakuwa mita 48 badala ya 24. Na dereva awe mwangalifu.

Tena yupo ambaye kifusi kilichoshindiliwa vizuri, chenye mteremko na mfereji, kinamtosha kabisa. Huyo afanye hivyo mwaka huu, na matofali yaje msimu mwingine juu ya msingi ule ule. Bora kifusi kizuri bila matofali kuliko matofali mazuri bila kifusi.

MAKUBALIANO NA FUNDI

Dini yetu imetuamrisha kuandika tunapodaiana, wala haikusema tuwaandikie wageni na tuwaache jamaa. Fundi akiwa ni mpwa wako, andika. Karatasi ieleze urefu na upana wa njia, kina cha kuchimba, unene wa kifusi, wa mchanga na wa tofali, aina ya ukingo, upande wa mteremko, nani ananunua nini, na nani ataondoa udongo. Mashahidi wawili watie saini.

Malipo yagawanywe kwa hatua, wala hatua isilipwe kabla haijakaguliwa. Ya kwanza, baada ya kuchimba na kupima kina kwa rula mahali patano. Ya pili, baada ya kifusi kushindiliwa na gari kupita. Ya tatu, baada ya ukingo na matofali. Sehemu ya mwisho, tuseme moja katika kumi, iwekwe amana kwa mtu mnayemwamini nyote wawili mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Ikiwa maji hayakutuama wala tofali halikubonyea, fundi apewe siku hiyo hiyo bila kuzungushwa. Fundi mwema hakatai sharti hilo, na mwenye nyumba mwema halitumii kumdhulumu.

Na wakati? Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, inafaa sana. Ardhi ni kavu, mchanga wa kujaza nafasi hukauka upesi, na masika ya Machi mpaka Mei huja kuwa mkaguzi asiyepokea bakshishi. Usianze kazi hii wakati wa kuchuma. Wafanya kazi ni haba, na macho yako yatakuwa shambani.

PEVINGI SI JAMVI

Nimesikia wengine wakisema kuwa uwanja wa matofali utawapa pia mahali pa kuanikia karafuu. Hapana. Karafuu ikianikwa moja kwa moja juu ya matofali huokota mchanga wa katika nafasi, vumbi la saruji na mafuta ya gari. Mchanga ukiingia katika karafuu ni taka, na harufu ya mafuta haitoki. Sifa ya karafuu yetu katika masoko ya dunia imejengwa kwa usafi na ukavu; tusiiuze kwa uvivu wa kutandika. Karafuu ianikwe juu ya majamvi, penye jua, mbali na njia ya gari, mbuzi na kuku.

KUITUNZA

Miezi michache ya mwanzo usiioshe kwa maji yenye nguvu, mchanga utatoka. Kila baada ya masika fagia mchanga mkavu uingie palipopungua. Majani yanayoota yang'olewe yakiwa madogo. Sungusungu wakitoa mchanga, urudishe. Mafuta yakimwagika yafunikwe kwa mchanga au vumbi la mbao upesi, kisha yafagiliwe. Pakibonyea, usiongeze mchanga juu. Funua matofali ya pale, ongeza kifusi, shindilia, weka mchanga, rudisha yale yale. Na mfereji usafishwe kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika.

Wanachama wanaotaka kuanza mwezi wa Januari walete vipimo vya njia zao ofisini mapema. Walio katika shehia moja wakikodi mashine ya kushindilia kwa pamoja na kuagiza kifusi pamoja, gharama ya kila mmoja itapungua. Atakayekwisha kazi na masika yakapita, tafadhali atuarifu: maji yalikwendaje, na palibonyea wapi. Habari hizo zitawafaa wenzake kuliko maneno yangu.

Wabillahi tawfiki.

Katibu wa Chama